Banaba: pauni 50 kwa mwaka, miaka 999

Tarehe 3 Mei 1900, Albert Ellis wa kampuni ya Pacific Islands alipata mkataba katika kisiwa cha Banaba, ambacho Waingereza walikiita Ocean Island. Ni kisiwa cha ekari kama 1,500 tu, kimekaa peke yake katika Bahari ya Pasifiki kati ya Nauru na visiwa vya Gilbert. Karatasi ile iliipa kampuni haki ya pekee ya kuchimba na kusafirisha fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, kwa miaka 999, kwa malipo ya pauni 50 kwa mwaka au bidhaa za thamani hiyo. Aliyetia alama kwa niaba ya wenyeji alikuwa Temati, akaandikwa kuwa ni mfalme.

Banaba haikuwa na mfalme. Ardhi ilikatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande na mwenyewe, awe mwanamume au mwanamke, katika vijiji vinne: Ooma, Tabiang, Tabwewa na Buakonikai. Kwa lugha yao neno moja, *te aba*, ni ardhi na ni watu pia. Temati hakuwa na uwezo wa kutoa shamba la jirani yake, seuze kisiwa kizima. Isitoshe, bendera ya Uingereza ilipandishwa rasmi pale mwaka 1901, mkataba ukiwa tayari mfukoni.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu utawala wa Banaba ulikuwa hesabu kabla ya kuwa kitu kingine. Pauni ya zamani ilikuwa na peni 240. Serikali ya Uingereza ilipokuja kuitoza kampuni mrabaha wake yenyewe, yaani malipo kwa kila tani iliyochimbwa, kiwango kilikuwa peni 6 kwa tani, yaani tani 40 kwa pauni moja. Kwa kiwango hicho, zile pauni 50 za Wabanaba ni mrabaha wa tani 2,000. Meli moja ya mizigo ya zama hizo iliweza kubeba zaidi ya hizo.

Mwaka 1908 makao makuu ya utawala wa visiwa vya Gilbert na Ellice yakahamishwa kutoka Tarawa yakaletwa Banaba. Wengi hupita juu ya jambo hili haraka. Mimi naliona ndilo kiini. Kamishna Mkazi, mkuu wa utawala huo wa Kiingereza, yule aliyepaswa kuwalinda wenye ardhi, sasa aliishi kando ya mgodi, meli zilizomletea barua zilikuja kufuata fosfeti, na sehemu kubwa ya mapato ya utawala wake ilitoka kwenye fosfeti hiyohiyo. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Mkataba wa 1913 ulikuwa afadhali kidogo. Kampuni ilikubali kulipa kati ya pauni 40 na 60 kwa ekari, pamoja na mrabaha wa peni 6 kwa tani kwa ajili ya Wabanaba. Tena iliahidi kupanda upya minazi na miti mingine ya chakula katika ardhi iliyokwisha kuchimbwa.

Hapo kwenye kupanda ndipo pa kutazama kwa makini. Fosfeti ya Banaba imejaa katikati ya nguzo za matumbawe. Mchimbaji huingia baina ya nguzo, akakwangua udongo wote mpaka kwenye mwamba, mzigo ukapelekwa kukaushwa kisha melini. Kinachobaki ni msitu wa miamba mikali iliyosimama wima, mashimo katikati, bila udongo wa kushika mzizi. Ukitaka kupanda mnazi pale, shurti uvunje nguzo, ujaze mashimo, halafu ulete udongo kwa meli. Ahadi ya kupanda iliandikwa kana kwamba shamba litabaki shamba.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali zenyewe zikainunua biashara. Tume ya fosfeti ikawa ya Uingereza asilimia 42, Australia 42, New Zealand 16, na mbolea ikauzwa kwa wakulima wao kwa bei ya gharama tu. Maana yake kila peni iliyoongezwa kwa Mbanaba ilipandisha gharama ya mbolea ya mkulima wa ng'ambo.

Mwaka 1928 tume ilitaka ekari 150 zaidi, wenyeji wakakataa. Sheria ikatungwa kuruhusu ardhi itwaliwe kwa lazima. Kamishna Mkazi Arthur Grimble akawaandikia watu wa Buakonikai barua iliyopanga mambo safu mbili: ya uhai wakikubali, ya mauti wakikataa. Ardhi ilitwaliwa. Mwaka 1931 mrabaha ukawekwa peni 10 na nusu kwa tani, ukaingia kwenye mfuko wa pamoja badala ya mikononi mwa wenye vipande.

Linganisha na Nauru ya jirani, iliyochimbwa na tume ileile. Nauru, kama Tanganyika yetu, ilikuwa chini ya Umoja wa Mataifa wa kale (League of Nations) na baadaye chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mtawala alilazimika kutoa taarifa nje, na malalamiko yalikuwa na pa kwenda. Wanauru walipata uhuru 1968. Banaba ilikuwa koloni tupu.

Wajapani walikikalia kisiwa kuanzia 1942, wakawatawanya watu hadi Nauru, Tarawa na Kosrae. Vita vilipoisha, Wabanaba hawakurudishwa kwao. Desemba 1945 walishushwa Rabi, kisiwa cha Fiji kilichonunuliwa kwa fedha za mfuko wao wenyewe, wakaingizwa kwenye mahema msimu wa mvua. Uchimbaji ulianza tena bila wao.

Katika miaka ya 1970 Rotan Tito na Wabanaba wenzake waliishtaki serikali ya Uingereza huko London. Jaji Megarry alisikiliza kwa zaidi ya siku 200, akasafiri mpaka Banaba kujionea. Hukumu ya 1976 iligeukia neno moja: amana, yaani mali inayoshikwa kwa niaba ya mwenyewe. Jaji alisema neno hilo katika hati za serikali lilikuwa wajibu wa kiutawala, si amana ambayo mahakama inaweza kumlazimisha mtu aitimize. Kwa kutopanda miti, walipata fidia ndogo. Uchimbaji ulikoma 1979, baada ya takriban tani milioni 20, mwaka uleule Kiribati, nchi iliyotokana na visiwa vya Gilbert na inayojumuisha Banaba, ilipojitawala.

Katiba ya Kiribati inakirudisha kwa Mbanaba kile ambacho Temati hakuwa na uwezo wa kukitoa: haki ya kuingia Banaba na ardhi yake huko, hata akiwa anaishi Rabi. Baraza la Rabi, lililo Fiji, huteua mtu wa kukaa katika bunge la Tarawa.