Je, Wajua Kwa Nini Sangara Hufa kwa Wingi Baada ya Upepo, Hata Pale Ambapo Hakuna Aliyetia Sumu?

Mwanzoni mwa mwaka 2021 sangara wakubwa walionekana wakielea wafu katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, na wengine katika Ziwa Kyoga na Mto Nile. Serikali ya huko ilieleza kuwa samaki hao walikosa oksijeni baada ya dhoruba kuvuruga maji, na kwamba hawakufa kwa sumu. Maelezo ya namna hiyo huwa magumu kukubalika, iwe ni Jinja kule Uganda au ni Kayenze kwetu Mwanza, kwa sababu mtu anayesimama mwaloni na kuona samaki wa kilo 20 amelala ubavu juu ya maji hujiuliza kwanza nani amefanya hivi, na swali hilo likishaulizwa halina jibu jingine ila mtu.

Shaka hiyo haikuzuka bure. Katika miaka ya 1990 walikuwepo watu waliovua kwa kumwaga viuatilifu majini, na jambo hilo lilifika mbali kiasi kwamba mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika soko lake. Viwanda vya minofu vya Mwanza viliathirika, na familia nyingi zilizoishi kwa sangara zilijifunza kwa njia ya uchungu kwamba sumu ya wachache hulipiwa na wote. Tangu hapo, popote samaki wanapokufa kwa wingi, neno la kwanza kutamkwa ni sumu. Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka rangi na samaki wakafa, wengi waliishuku migodi, na kamati iliyoundwa na Serikali iliposema kuwa oksijeni ilipungua kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, taarifa hiyo ilipokewa kwa mabishano makali. Kisa cha Mto Mara ni cha mto na mbuga zake oevu, wala si cha upepo. Ninakitaja kwa sababu kinaonyesha jinsi ilivyo vigumu kwetu kukubali kwamba maji yenyewe, bila mkono wa mtu kuyatia kitu siku hiyo, yanaweza kuua samaki.

Yanaweza, na katika Ziwa Victoria njia kuu ya kufanya hivyo ni upepo. Hapa ndipo penye kosa la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza. Wengi hudhani kuwa upepo hugusa uso wa ziwa tu: huinua mawimbi, huhangaisha mitumbwi, hukatiza safari ya Ukerewe, kisha hutulia na ziwa hurudi kama lilivyokuwa, huku maji ya kilindini yakiwa hayana habari. Ukweli ni kinyume kabisa. Mawimbi tunayoyaona ni sehemu ndogo ya kazi ya upepo, na sehemu kubwa hufanyika mita 30 au 40 chini, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Ili kuelewa, ni lazima kwanza kujua kwamba kwa miezi mingi ya mwaka ziwa hili si maji mamoja. Kuanzia takriban Septemba hadi Mei, jua hupasha moto tabaka la juu, na maji ya vuguvugu, kwa kuwa ni mepesi, hubaki juu ya maji yaliyo baridi kidogo. Neno “kidogo” lisidharauliwe. Kati ya juu na chini tofauti inaweza kuwa nyuzi joto 2 tu, tuseme 26 juu na 24 chini, na mtu angeweza kudhani kuwa tofauti ndogo hivyo haiwezi kutenganisha chochote. Lakini uzito wa lita moja ya maji haubadiliki kwa kipimo kile kile katika kila joto: kadiri maji yanavyokuwa ya moto, ndivyo kila uzi mmoja unavyoyapunguzia uzito zaidi. Kutoka nyuzi 24 hadi 26, maji hupoteza uzito sawa na yanayopoteza yakipashwa kutoka nyuzi 4 hadi karibu 12. Kwa hiyo nyuzi 2 za Mwanza hutenganisha matabaka kwa nguvu ile ile ambayo ziwa la nchi za baridi hulazimika kuipata kwa nyuzi 8.

Tabaka la chini likishafungiwa hivyo, haligusani tena na hewa. Mimea midogo ya kijani inayokua juu hufa, huzama, na huoza huko chini, na kuoza hula oksijeni. Mbolea na udongo unaoletwa na mito, pamoja na maji machafu ya miji, vimeongeza mimea hiyo sana katika nusu karne iliyopita. Vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1960 vilikuta maji yasiyo na oksijeni hapa na pale, kwa muda mfupi. Kufikia miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakieleza kuwa hadi nusu ya sakafu ya ziwa hukosa oksijeni kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Sasa upepo unaingia. Chukua chupa ndefu ya plastiki, ijaze maji nusu na mafuta ya alizeti nusu, ifunge vizuri na uilaze mezani. Ukiinua ncha moja polepole sana kisha ukaishusha, utaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba mpaka kati ya mafuta na maji huhama sana: upande mmoja maji hupanda, upande mwingine hushuka. La pili ni kwamba ukishaacha, mpaka huo hauishii pale ulipokuwa mwanzo, bali huvuka, hurudi, na huvuka tena, kwa mwendo wa taratibu kuliko maji ya kawaida yanavyocheza ndani ya chupa isiyo na mafuta. Mwendo huo wa taratibu unatokana na ukaribu wa uzito wa vimiminika viwili: cha juu kikiwa chepesi kidogo tu kuliko cha chini, nguvu inayokirudisha mahali pake ni ndogo, hivyo ni rahisi kukiinamisha na huchukua muda mrefu kutulia. Punguza tofauti hiyo ya uzito, na mpaka utainama zaidi na kurudi polepole zaidi.

Ziwa Victoria lina tofauti ndogo mno kuliko ya mafuta na maji. Upepo unapovuma kwa siku kadhaa kutoka upande mmoja, husukuma maji ya juu yakarundikane upande wa pili. Kurundikana huko kwa juu ni kudogo, pengine sentimita 1, na hakuna mtu wa Igombe au Bwiru atakayekuona. Lakini kwa hesabu ya nadharia, panapokuwa na nyuzi 26 juu na 24 chini, kila sentimita 1 ya mwinamo wa juu hulinganishwa na takriban mita 20 za mwinamo wa mpaka wa chini, kuelekea upande wa kinyume. Kule upepo unakotoka, maji ya kilindini hupanda. Sioni jambo la kushangaza kuliko hili katika ziwa zima: kitu kisichozidi upana wa ukucha juu, na chini yake mlima wa maji unaohama. Hesabu hiyo huchukulia kwamba upepo umevuma kwa muda wa kutosha na kwamba ziwa ni beseni la umbo rahisi. Katika ghuba zenye mikunjo na visiwa, kama Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Speke, mambo huwa na vurugu zaidi, na sehemu zenye kina kifupi huweza kuchanganyika zote kwa upepo wa siku moja.

Upepo ukikoma, mpaka uliokuwa umeinama huanza kurudi, na katika ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 300 safari moja ya kwenda na kurudi huweza kuchukua wiki kadhaa. Mwaka 1957 mtafiti G. R. Fish, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi kilichokuwa Jinja, alichapisha maelezo ya myumbo huo wa ndani wa Ziwa Victoria. Matokeo yake kwa mvuvi ni haya: maji mabaya yanaweza kupanda mahali fulani wakati ambapo hapo hapo hakuna upepo, asubuhi ya shwari, siku nyingi baada ya dhoruba iliyopiga ng'ambo ya pili. Ni nani basi asiyefikiria sumu, ikiwa ziwa limelala kama kioo na samaki wamekufa?

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na maji yake ni ya vuguvugu, na kwa sababu hizo mbili hata maji safi ya juu hayabebi oksijeni zaidi ya takriban miligramu 7 kwa lita. Chini ya miligramu 2, samaki wengi huwa hatarini. Sangara ni samaki mkubwa anayewinda kwa mbio, na huhitaji oksijeni nyingi kuliko majirani zake, hivyo maji ya chini yanapopanda yeye hubanwa katika tabaka linalozidi kuwa jembamba, na akikosa njia hufa mapema. Kamongo, kinyume chake, huja juu na kuvuta hewa kwa mapafu, na kambare mumi ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa vilevile. Furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili wenye aina nyingi, nao wengi huvumilia. Furu mmoja wa Ghuba ya Mwanza, aitwaye kitaalamu Haplochromis pyrrhocephalus, alipimwa na watafiti waliolinganisha samaki wa kabla na baada ya mabadiliko ya ziwa, wakakuta kuwa katika muda wa takriban miaka 20 eneo la matamvua yake lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Mwili wa samaki huyo mdogo umeandika historia ya hewa ya ziwa letu.

Tofauti hizi husaidia kutambua chanzo, ingawa hazitoshi peke yake. Wakifa sangara wakubwa katika eneo pana huku kamongo na kambare wakiwa wazima, na hasa kama maji yamepoa, yamebadilika rangi au yana harufu ya yai viza, dalili zinaelekea kwenye maji ya kilindini. Wakifa samaki wa kila aina, pamoja na dagaa na wadudu wa majini, katika eneo dogo karibu na ufuko, uvuvi wa sumu hauwezi kuondolewa katika mawazo, na ni maabara tu inayoweza kuthibitisha. Hadi hapo samaki hao wasiliwe wala wasianikwe kwa kuuzwa, kwa kuwa jicho haliwezi kutofautisha aliyekosa hewa na aliyekunywa kiuatilifu.

Kwa mwenye mtumbwi na nyavu za makila, mambo haya yana maana hata pale ambapo hakuna samaki anayekufa. Katika maziwa ya baridi ya Marekani ya Kaskazini, kama Ziwa Superior, trauti wa ziwani hushuka kilindini wakati wa kiangazi kufuata maji ya nyuzi 10 hivi, na mvuvi wa boti ndogo huteremsha chambo makumi ya mita akijua kwamba maji yale ya chini ni baridi na bado yana oksijeni. Ukifanya hivyo Februari katika kilindi cha Ziwa Victoria, unaweza kuwa umeteremsha wavu mahali ambapo sangara hathubutu kuingia. Wakati mpaka umepanda, sangara wako juu yake, wamesongamana, na wavu ulioning'inizwa katikati ya maji unaweza kupata wakati uliolazwa chini unarudi mtupu.

Yapo maelezo yanayodai kuwa upepo ni adui wa samaki, na hayo nayo ni nusu ya ukweli. Kati ya Juni na Agosti, pepo za kusini-mashariki huvukiza maji na kupoza uso wa ziwa hadi tofauti ya joto kati ya matabaka inakaribia kutoweka, na hapo upepo haukuti tena mpaka wa kuinamisha: huchanganya maji yote na kupeleka oksijeni hadi chini. Upepo wa Julai hulipatia ziwa pumzi yake ya kila mwaka. Upepo wenye nguvu sawa ukivuma Januari, wakati matabaka yamejitenga, huinua maji yasiyo na hewa kabla ya kuweza kuyachanganya, na linaloamua ni hali ya maji unayoyakuta chini yake.

Anayebeba hatari kubwa zaidi leo ni mfugaji wa vizimba, yaani anayefuga samaki ndani ya nyavu zilizozungushiwa ziwani, kwa sababu sangara wa ziwani anaweza angalau kujaribu kukimbia, lakini sato aliye kizimbani hawezi. Novemba 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi sana vizimbani, na kupanda kwa maji yenye oksijeni kidogo kulitajwa miongoni mwa sababu. Vizimba vinaongezeka pia Mwanza. Kipimo cha oksijeni ni cha bei, lakini kipimajoto kinachoweza kuzamishwa, kikifungwa kwenye kamba yenye fundo kila baada ya mita 5 na kusomwa asubuhi kwa kina kile kile, huonyesha kama maji ya chini yanapanda kuelekea kizimba: pale ambapo jana mita 15 zilisoma nyuzi 26 na leo zinasoma 24, huo ni wakati wa kusimamisha kulisha, kwa kuwa samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi, na wa kuwaarifu maofisa uvuvi kabla samaki hawajaanza kuja juu kutweta.