Ushuru wa bangi California: fungu la vijana hupatikanaje

Tangu 1 Oktoba 2025 ushuru wa jimbo kwenye bangi inayouzwa rejareja California umerudi asilimia 15, baada ya kukaa asilimia 19 kwa miezi mitatu tu. Sehemu ya ushuru huo hulipia programu za kuwakinga vijana na dawa za kulevya, na wazazi wanauliza kama fedha hizo zimekatwa. Swali ni la haki, ila wengi wanaanza kuhesabu mahali pasipofaa.

Tuanze na risiti. Bidhaa ya dola 40 hutozwa ushuru wa dola 6. Kwa asilimia 19 ilikuwa dola 7.60. Juu yake huja kodi ya mauzo, inayopigwa kwenye bei pamoja na ushuru, na miji mingine huongeza kodi yake. Katika yote hayo, ni ule ushuru peke yake unaoingia kwenye mfuko ulioundwa na Pendekezo la 64, sheria iliyohalalisha bangi kwa watu wazima, iliyopitishwa na wapiga kura Novemba 2016. Kodi ya jiji ni ya jiji. Basi mtu asishike jumla ya risiti akadai asilimia 60 yake, ile inayotajwa na sheria, ni ya vijana. Haijawahi kuwa hivyo.

Tangu 1 Januari 2023 mwenye duka ndiye anayewasilisha ushuru huo. Zamani ulikusanywa na msambazaji. Ritani, yaani fomu ya kutangaza kodi, ni ya kila robo mwaka, na mwisho wa kuiwasilisha ni siku ya mwisho ya mwezi unaofuata: ya Januari hadi Machi ni 30 Aprili. Anayeshindwa kulipa hudaiwa kodi yenyewe pamoja na adhabu isiyopungua nusu ya kiasi ambacho hakulipa. Muuzaji asiye na leseni haleti hata senti, kwa hiyo kila mteja anayekimbilia magendo amelipunguza fungu la vijana.

Fedha zikishaingia, vijana hawako mbele ya foleni. Kwanza hurejeshwa gharama za idara zinazosimamia biashara hii. Kisha hutolewa mafungu yaliyotajwa kwa dola ndani ya sheria: kwa mfano milioni 10 kila mwaka kwa utafiti wa vyuo vikuu vya umma, na ruzuku za jamii zilizoumizwa na sera za zamani za dawa za kulevya, zilizoanza na milioni 10 mwaka wa fedha (Julai hadi Juni) 2018-19 zikapanda hadi milioni 50. Kinachobaki ndicho hugawanywa: asilimia 60 kwa elimu, kinga na tiba ya vijana, 20 kwa mazingira, 20 kwa usalama. Mauzo yakishuka, mafungu ya dola hayatikisiki. Mabaki ndiyo yanayobeba hasara yote. Isitoshe, mgao wa kila Julai hutokana na makusanyo ya mwaka wa fedha uliotangulia, hivyo punguzo la Oktoba 2025 linagusa mgao wa Julai 2026.

Hata ndani ya ile asilimia 60 kuna mgawanyo mwingine. Makadirio ya bajeti ya Mei 2019 yaliweka dola milioni 119.3 kwenye akaunti ya vijana. Kati yake milioni 80.5 zilikwenda kulipia nafasi za malezi ya watoto wadogo, na milioni 21.5 tu zikawa ruzuku za ushindani za programu mpya za vijana. Malezi ya watoto ni jambo jema, lakini kijana wa miaka 15 anayeanza kuvuta hakai chekechea.

Ruzuku hizo za ushindani hutolewa kupitia Elevate Youth California, mpango wa ruzuku wa jimbo, kwa programu za vijana wa miaka 12 hadi 26. Kikundi kisichosajiliwa kama shirika lisilo la faida kinahitaji taasisi mlezi itakayopokea na kutolea hesabu fedha kwa niaba yake. Itafuteni kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Na tafadhali msiombe fedha za semina ya siku moja ya kuwatisha watoto. Hotuba za vitisho hazizuii matumizi.

Kwa wasio raia: ruhusa ya jimbo ya kutumia bangi kuanzia miaka 21 haibadilishi sheria ya shirikisho. Tangu 2019 maofisa wa uhamiaji wana mwongozo ulio wazi kwamba kuvuta bangi, au kufanya kazi katika duka lake lenye leseni, kunaweza kumkwamisha mwombaji wa uraia.

Tarehe ya kuangalia ni 1 Julai 2028. Kuanzia hapo Bunge la jimbo litaweza kubadili mgawanyo huu kwa kura za wingi wa kawaida, ila haliwezi kuishusha akaunti ya vijana chini ya ilichopata mwaka wa fedha 2027-28. Kiwango cha asilimia 15 nacho kimefungwa hadi 30 Juni 2028. Maana yake, mgao wa Julai 2027, utakaotokana na makusanyo ya kiwango hiki kilichopunguzwa, ndio utakaokuwa sakafu ya miaka ijayo. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa mbunge wake wa jimbo wakati kamati za bajeti zinapokaa, kila majira ya kuchipua, kabla bajeti haijapitishwa Juni.