Kipokezi cha mzizi: mmea unavyomtambua fangasi rafiki

Kipokezi ni protini iliyojipachika kwenye utando wa seli, upande mmoja ukichungulia nje, mwingine ukiwa ndani. Kemikali inayooana nacho ikikigusa nje, upande wa ndani huanzisha mlolongo wa ujumbe unaofika hadi kwenye kiini cha seli. Kwa mzizi uliozungukwa na giza la udongo, hiyo ndiyo namna ya kujua nani yuko jirani.

Chukua ushirika wa mizizi na fangasi wa maikoriza, walio na makazi katika zaidi ya theluthi mbili ya mimea ya nchi kavu. Mmea ukipungukiwa fosforasi, mizizi humwaga homoni iitwayo strigolaktoni. Fangasi akiihisi, nyuzi zake huchipua matawi kwa wingi karibu na mzizi. (Bahati mbaya, mbegu za gugu la kiduha nazo huamshwa na homoni hiyohiyo. Ni kupitia kiduha ndipo ilipojulikana kwanza, mwaka 1966. Kazi yake kwa fangasi ikagunduliwa 2005.)

Fangasi naye hujibu kwa vipande vya kaitini, malighafi ya ukuta wa seli zake. Hapo pana mtego, maana fangasi waletao magonjwa wana kaitini vilevile. Sehemu ya jibu ni urefu wa vipande hivyo, ambavyo ni minyororo ya sukari: mnyororo wa sukari nane hivi huamsha kinga kali, wa nne au tano hufungua njia ya ushirika. Tena katika mpunga protini moja, CERK1, hutumika kwa kazi zote mbili. Kinachobadilika ni kipokezi inachoungana nacho.

Ujumbe ukishapokelewa, kalsiamu hupanda na kushuka kwa mapigo ndani ya kiini na kukizunguka. Protini ya CCaMK huyasoma mapigo hayo, jeni huwashwa, na seli za mzizi hujipanga upya kuupisha uzi wa fangasi. Ndani ya seli uzi hutawanyika mfano wa kijiti chenye matawi mengi. Huko fangasi hutoa fosfati (fosforasi katika umbo ambalo mmea hulitumia) na kulipwa sukari na mafuta, ambayo hawezi kujitengenezea mwenyewe.

Fosfati ikijaa udongoni, mmea hupunguza strigolaktoni na kuwapa fangasi kisogo. Kabichi na ndugu zake walikwisha kupoteza jeni kadhaa za mfumo huu, wakazoea kuishi bila mgeni huyo.