Kanyang'anywa Uraia? Na Nani?

Wiki iliyopita barazani kwetu Tanga, mzee mmoja ninayemheshimu alieleza habari za mwanawe aliyeko Marekani. "Serikali imemnyang'anya mwanangu uraia," akasema. Baraza zima likatikisa kichwa. Nikamuuliza kwa upole kijana alifanya nini. "Hakufanya kitu. Kala kiapo cha Marekani tu."

Nikameza kahawa na maneno yangu pamoja. Anayesema ni mzee, na siku ile kashata ilikuwa yake. Lakini hii ni mara ya ngapi sijui nasikia "kanyang'anywa" ikibandikwa juu ya mambo manne yasiyofanana, kwa hiyo nimeona niyaandike.

Uraia ni fungamano la kisheria kati ya mtu na dola. Wewe unadaiwa utii, dola inadaiwa ulinzi na haki ya kukupokea kwenu hata kama nchi nyingine zote zimekufungia mlango. Tanzania inautambua kwa njia tatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi, yaani mgeni kuomba akapewa. Unaweza kuisha kwa wewe mwenyewe kuukana, kwa sheria kuukomesha, au kwa dola kukuvua. Maana yenyewe ni hiyo. Shida iko kwenye maneno.

Tuanze na "raia". Neno limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni kuchunga. Raia ni wale wanaochungwa, yaani kundi. Waliosoma chuoni wanaikumbuka hadithi ya Mtume kwamba kila mmoja wenu ni mchungaji na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Hicho kinachochungwa, kwa Kiarabu, ni neno lile lile. Kwa hiyo zamani raia alikuwa mtu wa Sultani kama mbuzi alivyo wa mwenye zizi. Sheria za leo zimeshaachana na maana hiyo, ila masikio yetu bado. Ndiyo maana, nadhani, tunapoona mtu yuko nje ya zizi tunadhani moja kwa moja kwamba mchungaji kamfukuza. Hatumfikirii mbuzi aliyeruka ua mwenyewe, wala ua uliosogezwa usiku yeye amelala.

"Mwananchi" ni neno jingine, nalo lina tabia tofauti. Mwana wa nchi hahitaji cheti, na hakuna waziri awezaye kufuta kwamba nchi ilikuzaa. Ndiyo maana wanasiasa majukwaani hutuita wananchi, na Uhamiaji hutuuliza kama ni raia.

"Tajnisi" nayo ni Kiarabu, kutoka jinsi, kwa maana ya aina au namna. Kumtajnisi mtu ni kumwingiza katika jinsi yenu. Waarabu uraia wenyewe huuita jinsiya, na hapo ndipo sisi wa pwani wenye ndugu Oman tunapopata mikasa. Shangazi yangu aliyehamia Muscat miaka ya sabini alituletea habari kwamba hatimaye amepata jinsia. Mjomba, ambaye hakuwa na haraka ya kuelewa, akauliza kwani siku zote alikuwa hana?

Sasa kukana. Mshtakiwa akikana mashtaka anasema jambo halikuwa lake tangu mwanzo. Petro alipomkana Yesu alisema simjui. Kuukana uraia ni kinyume chake: huwezi kuukana kama haukuwa wako. Na si jambo la kutamka barazani ukiwa na hasira na tozo. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inataka uwe mtu mzima mwenye akili timamu, uwe tayari ni raia wa nchi nyingine au uko mbioni kuwa, utoe tamko rasmi, na waziri alisajili. Mpaka lisajiliwe, bado u raia, na wakati wa vita waziri anaweza kukataa kulisajili. Sharti la kuwa na uraia mwingine lipo ili usijikane ukabaki huna nchi yoyote.

Kwamba hatari hiyo si ya vitabuni tu, waulizeni waliokimbia Burundi mwaka 1972 na kukaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tanzania ilikubali kuwatajnisi watu wapatao 162,000, uamuzi ukatoka mwaka 2010, na sehemu ya utaratibu ilikuwa kuukana uraia wa Burundi. Vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Katikati hapo palikuwa na miaka minne ambayo mtu ameshaukana wa kule, na wa huku hana karatasi ya kuuonyesha. Hakuna aliyewanyang'anya. Walikana, kwa kuombwa, wakasubiri.

Kwa mtoto wa mzee wetu kitenzi ni kukoma. Kiapo cha Marekani kina maneno mazito ya kuachana na utii kwa dola nyingine yoyote, na wengi wanadhani maneno hayo ndiyo yaliyoua uraia wa Tanzania. Siyo. Marekani haina mamlaka ya kumwondolea mtu uraia wa Tanzania, na hata yenyewe haiwafuatilii waapaji kuona kama wameachana na kwao kweli. Kilichofanya kazi ni sheria yetu: Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania unakoma hapo hapo. Hakuna barua inayokuja, kikao wala uamuzi wa mtu. Pasipoti yake ya zamani inaweza kukaa kabatini ikiwa haijaisha muda wake na isimfae kitu.

Pasipoti, kwa njia, si uraia. Ni kitabu, na ni mali ya serikali. Kuporwa pasipoti si kuporwa uraia, na kuwa nayo hakumfanyi mtu kuwa raia kama sheria imeshasema vingine. Na ile hadhi maalumu iliyoingizwa juzi juzi kwa wageni wenye asili ya Tanzania ni nafuu ya kuingia, kukaa na kumiliki. Siyo uraia wa mlango wa nyuma, ingawa kwenye harusi nimeshasikia ikipongezwa hivyo.

Vuka Horohoro uingie Kenya, kitendo kile kile hakina matokeo yale yale. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kabla ya hapo ulikuwa unakoma kama kwetu, na waliopoteza wakati ule Ibara ya 14 inawapa haki ya kuomba warudishiwe. Ugomvi wa wakili na mwanasiasa Miguna Miguna na serikali ya Kenya ulianzia hapo. Alichukua uraia wa Kanada kabla ya Katiba hiyo. Mwaka 2018, baada ya kushiriki katika kuapishwa kwa kiongozi wa upinzani Raila Odinga kuwa "rais wa wananchi" kule Uhuru Park, serikali ikamsafirisha kwa nguvu, hoja ikiwa kwamba ule wa Kenya ulishakoma zamani na hajaomba kuurudisha. Mahakama Kuu ikasema uraia wake wa kuzaliwa haukuwa umepotea. Redio nyingi zilisema amenyang'anywa uraia. Serikali yenyewe haikusema hivyo. Ilisema ulishakoma. Kama ingesema inamnyang'anya, ingelazimika kuonyesha kifungu, na kwa raia wa kuzaliwa kama yeye kifungu hicho Kenya hakipo.

Maana kuvuliwa, ambako ndiko kunyang'anywa hasa, kuna masharti. Kwanza tuangalie kitenzi: mtu huvuliwa alichovikwa, kanzu au cheo. Kenya, Ibara ya 17 inawahusu waliopata uraia kwa kuandikishwa: kama waliupata kwa udanganyifu, kama walifanya biashara na adui wakati wa vita, kama ndani ya miaka mitano tangu kuandikishwa walifungwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, au kama wakati wowote walitiwa hatiani kwa uhaini au kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha miaka saba au zaidi. Tanzania nayo inamvua wa tajnisi tu. Raia wa kuzaliwa havuliwi kwa kosa lolote, hata la kunyongwa. Atanyongwa akiwa Mtanzania. Uingereza wana mkono mpana zaidi: mwaka 2019 walimvua uraia Shamima Begum, msichana aliyekwenda Syria kujiunga na kundi la Dola ya Kiislamu na ambaye kazaliwa London, kwa hoja kwamba alikuwa na wa Bangladesh pia kupitia wazazi wake. Bangladesh ikasema haimtambui.

Nilisema mambo ni manne. La nne halina kifungu, nalo ndilo linalonifanya nisiupende huu uvivu wa kusema "kanyang'anywa". Ikiwa raia wa kuzaliwa havuliwi, dola isiyomtaka itafanyaje? Haimvui. Inamwambia hakuwahi kuuvaa.

Februari 2001 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba watu wanne waliojulikana vizuri si raia. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji wa magazeti, aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya. Mwingine, Timothy Bandora, alikuwa balozi wetu Nigeria. Tafakari: balozi aliyekwenda kuiwakilisha nchi anaambiwa nchi si yake. Kisheria hakuna aliyevuliwa kitu siku ile. Walichoambiwa ni kwamba uraia haukuwepo tangu awali, na anayetaka aombe tajnisi, kama mgeni aliyeshuka bandarini jana.

Mtu mmoja alikwenda polisi Babati mwaka 2012 kushughulikia taratibu za ndoa yake, pasipoti yake ikazuiwa kwa madai kwamba uraia wake una mashaka. Mwaka 2014 akasukumwa Kenya. Kenya wakasema si wetu, wakamrudisha, na akaishia kukaa kwenye kipande cha ardhi kati ya Sirari na Isebania ambako hakuna nchi inayokusanya kodi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapo Arusha, iliamua Machi 2018 kwamba Tanzania ilimnyima uraia kiholela: kwa mtu aliyekuwa akitambuliwa kuwa raia siku zote, mzigo wa kuthibitisha kwamba siye ulikuwa wa serikali. Tena ikaagiza sheria irekebishwe ili mtu wa namna hiyo apate pa kulalamika mahakamani.

Kwa ukubwa zaidi, Zaire, yaani Kongo ya leo, ilifanya hivyo kwa karatasi. Sheria ya mwaka 1972 iliwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaifuta hiyo. Watu walilala Wazaire wakaamka wana suala. Kilichofuata mashariki ya Kongo wasomaji wa Bukavu na Uvira hawahitaji kusimuliwa na mtu wa Tanga.

Kwa hawa Kiswahili kina kitenzi tayari, ni kuongeza herufi moja tu: wamekanwa. Mwenye kuukana uraia ni mtu, mwenye kumkana raia ni dola. Ukiwaita wote "walionyang'anywa", huyu wa kiapo cha Marekani anapata huruma isiyo yake na yule wa Sirari anaonekana kama mtu aliyetenda kosa akaadhibiwa.

Jana nilimrudia mzee, tukiwa wawili tu. Nikamwambia, "Baba, kijana hajanyang'anywa. Uraia wake umekoma."

Akanitazama. "Umekoma?"

"Ndilo neno la sheria."

"Mwanangu," akasema, "nikisema hivyo barazani, watadhani wamemkomesha."

Nikakiri hilo ni tatizo. Tukakubaliana aseme umeisha.