Masta ya utawala wa umma au uhusiano wa kimataifa? Angalia unachoenda kusoma kabla ya jina la chuo

Kila ikikaribia mwezi wa nane watu wanaanza kutujia na swali lilelile, nisome MPA (yaani masta ya utawala wa umma) au nisome uhusiano wa kimataifa, ipi inalipa. Mi huwa nauliza kwanza: ukimaliza unataka kukaa meza gani? Maana ukifungua orodha ya masomo ya hizi digrii utakuta majina ndo yanatofautiana zaidi kuliko vilivyomo ndani.

MPA kwa kifupi ni kujifunza kuendesha mambo ya umma, yaani bajeti, watumishi, manunuzi, takwimu na namna ya kupima kama mradi umefanya kazi au umekula hela tu. Upande wa kimataifa unaongeza mikataba, biashara kati ya nchi, usalama na diplomasia. Lakini kazi zenyewe zimeshachanganyika, anayepanga mambo ya dawa za ARV wizarani anafanya kazi na Global Fund, ule mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulioko Geneva, na ofisa wa ubalozini anaweza kushinda siku nzima kwenye mahesabu ya ushuru wa mahindi. Ndo maana Maxwell, ile skuli ya Chuo Kikuu cha Syracuse jimboni New York iliyoanza 1924 na MPA ya mwanzo mwanzo kabisa kule Marekani, imeweka utawala wa umma na mambo ya kimataifa kwenye idara moja.

Mfano wa karibu ni mwanadiplomasia wetu wa Tanzania, Dkt. Salim Ahmed Salim. Aliteuliwa kuwa balozi Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, na masta yake ya mambo ya kimataifa kutoka Chuo Kikuu cha Columbia aliipata 1975, wakati huo tayari ni mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa hapohapo New York. Kazi ilitangulia, darasa likafuata. Sisemi usubiri uwe balozi, ila miaka 2 au 3 ya kazi inasaidia sana, hata ya kujitolea kwenye shirika dogo wilayani, maana mwalimu akisema mgongano kati ya mhasibu na mkuu wa idara wewe sura unazijua.

Kitu kinachowatoa watu jasho kwenye hizi masta ni memo, yaani andiko fupi la ushauri kwa kiongozi. Unaambiwa waziri ana dakika 5, ana swali moja, mwandikie kurasa 2 basi. Sisi huku tumezoea kuanza na "tangu tupate uhuru mwaka 1961" halafu pendekezo linakuja ukurasa wa 14 kama lina aibu. Kwenye memo sentensi ya kwanza ndo jibu: napendekeza halmashauri inunue ambulensi moja badala ya kujenga zahanati mbili. Halafu unaeleza kwa nini, gharama yake mwaka wa kwanza na ile ya kila mwaka ya mafuta na dereva (hii husahaulika kila siku), nani atapinga, na mpango wa pili kama wa kwanza ukikwama. Ukiweza hiyo kitu vizuri, kwa maoni yangu nusu ya ada imesharudi.

Nusu nyingine ni takwimu. Wengi wanakimbilia uhusiano wa kimataifa wakidhani wamekwepa hesabu, wanafika wanakutana na uchumi na takwimu muhula wa kwanza. Anza kujinoa mapema, chukua ripoti ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) ambayo hutoka kila mwaka, soma sura moja tu, ingiza zile namba kwenye Excel uone kama hadithi inakubali.

Kuhusu hela, usikate tamaa kwa kuona ada ya Marekani. Princeton wanaokubaliwa MPA wanalipiwa ada yote na chuo chenyewe. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, inalipia masta ya mwaka mmoja, wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa kama miaka 2 na ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka 2. Ile skolashipu ya Japani na Benki ya Dunia nayo inataka uzoefu, miaka 3 kwenda juu.

Na kama maisha yako yatakuwa kwenye halmashauri, Mzumbe pale Morogoro haina sababu ya kudharauliwa, ilianza 1953 kama shule ya serikali za mitaa na ikawa chuo kikuu 2001, na sheria ya manunuzi utakayoitumia kesho ofisini haifundishwi Syracuse. Wa diplomasia wapo Kurasini, Dar es Salaam, chuo kilichoanzishwa 1978 na Tanzania na Msumbiji ambacho sasa kinaitwa kwa jina la huyohuyo Dkt. Salim.

Kwenye barua ya maombi, achana na "tangu utotoni nilikuwa na ndoto". Eleza tatizo moja ulilokutana nalo kazini, ulijaribu nini, ukakwama wapi, na somo gani la chuo hicho litakusaidia kukwamuka. Na wadhamini wa kukuandikia barua, jamani, watu wanahangaika kutafuta saini ya katibu mkuu ambaye hata jina lao halijui, wakati bosi wa kitengo aliyewaona wakifunga bajeti usiku wa tarehe 30 Juni yupo chumba cha pili. Mwombe huyo, na umwombe mapema kabla hajaenda likizo.