Je, wajua Tanganyika ilikuwa tayari kuahirisha uhuru ili Afrika Mashariki iwe nchi moja?

Juni 1960, akiwa Addis Ababa, Mwalimu Julius Nyerere alitamka jambo ambalo kiongozi mwingine yeyote wa harakati za uhuru angeogopa kulitamka. Tanganyika, alisema, iko tayari kuahirisha uhuru wake iwasubiri Kenya na Uganda, ili nchi zote tatu zitoke mikononi mwa Mwingereza siku moja zikiwa shirikisho moja. Na hapo chama chake cha TANU kilikuwa kimebakiza miezi michache tu kushinda viti 70 kati ya 71 vya Bunge.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Nchi ikishakuwa na bendera yake, wimbo wake, mawaziri wake na kiti chake Umoja wa Mataifa, nani atakubali kuviachia? Aliirudia hoja hiyo Accra mwaka 1997, akiwa mzee, na safari hii alikuwa anaeleza yaliyokwisha kutokea.

Je, angesikilizwa, leo tungekuwa nchi moja?

Msingi ulikuwepo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika Kampala, Mombasa na Dar es Salaam tangu 1921. Reli, posta, forodha na shirika la ndege vilikuwa vya pamoja. Aliyetaka shahada bila kuvuka bahari alikwenda Makerere. Ndiyo maana swali hili lina uzito: njia hiyo ilikuwa mbele ya macho ya watu wa wakati ule, na wenyewe waliijadili.

Lakini kusubiri kungemaanisha kusubiri mpaka lini? Mwaka 1960 Kenya ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye Hali ya Hatari, na Jomo Kenyatta alikuwa bado kizuizini. Hakuna aliyeijua tarehe yake ya uhuru. Basi kila nchi ikaenda kivyake: Tanganyika Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Tarehe 5 Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Milton Obote, waziri mkuu wa Uganda, walitia saini Nairobi tamko la kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Miaka michache baadaye kila nchi ilikuwa na benki kuu yake na noti zake. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukabaki umefungwa hadi 1983.

Turudi kwenye swali. Tuseme shirikisho lingeundwa. Tamko la Nairobi liliwaachia Wazanzibari nafasi ya kujiunga, kwa hiyo huenda muungano wa nchi mbili wa Aprili 1964 usingehitajika, na jina Tanzania lisingetungwa kamwe. Nami hukaa nalifikiria hilo kuliko mengine yote, kwamba neno tunalolitaja kila siku kama jina la kale lilizaliwa kwa sababu mpango mkubwa zaidi ulikwama.

Hata hivyo, naamini swali hili tunaliulizia tarehe isiyo sahihi. Fundo gumu la 1963 lilikuwa Uganda. Obote alitawala kwa kuungwa mkono na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda, haikutaka hata kulisikia neno shirikisho. Kwa nini? Kwa Waafrika wengi neno hilo lilitoka kinywani mwa walowezi wa Kizungu. Tangu miaka ya 1920 walowezi wa Kenya walitaka makoloni yaunganishwe, nao wawe juu. Kisha, tarehe 30 Juni 1953, Waziri wa Makoloni Oliver Lyttelton, akihutubia karamu ya chakula cha usiku London, akagusia uwezekano wa shirikisho la Afrika Mashariki yote. Mwaka huohuo Rhodesia mbili (leo Zambia na Zimbabwe) na Nyasaland (leo Malawi) zilikuwa zinaunganishwa Waafrika wakipinga. Buganda ikashtuka. Kabaka Mutesa II akadai Buganda itengwe na Uganda, na Novemba Gavana Andrew Cohen akamkamata na kumpeleka uhamishoni Uingereza. Alirudi Oktoba 1955 akiwa shujaa wa watu wake.

Miaka minane baada ya kurudi kwake, huyohuyo Kabaka ndiye Rais wa Uganda, na shirikisho linaletwa tena. Safari hii lililetwa na Waafrika wenyewe, kwa nia njema, lakini mtu wa Buganda aliyekumbuka 1953 alisikia neno lilelile. Tanganyika hata ingesubiri miaka mitatu, isingeweza kulifuta neno hilo katika kumbukumbu za Mengo, makao ya Kabaka. Ukiniuliza mimi njia zilipoachana, sitakupeleka Addis Ababa. Nitakupeleka kwenye karamu ile ya London, kwenye sentensi moja ambayo waziri angeweza kuiruka.