Usichanganye seramu na losheni ya jua kiganjani

Wiki hii ameingia mgonjwa wa tatu mwenye kosa lilelile, basi naandika. Ni dada mwenye mabaka ya kahawia mashavuni. Ana seramu ya vitamini C, yaani dawa nyepesi ya maji ya kupaka usoni, na losheni ya jua ya SPF 50 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya kuungua na jua), zote nzuri, na mabaka hayapungui. Nikamwomba anionyeshe anavyopaka asubuhi. Akadondosha matone manne ya seramu kiganjani, akakamulia losheni juu yake, akasugua viganja, akajipaka usoni. "Dokta, si vyote vinaingia kwenye ngozi?"

Hapana! Seramu ndiyo inayotakiwa kuingia. Losheni ya jua kazi yake ni kutanda juu ya ngozi, utando mmoja usio na matundu. Ile 50 iliyoandikwa kwenye chupa ilipimwa kwa losheni hiyo peke yake, miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Ukiitia seramu umefanya kama fundi rangi anayeongeza maji kwenye ndoo ili amalize ukuta: rangi imeenea, lakini plasta inaonekana kwa chini. Tena tatizo halikomei kwenye wepesi. Losheni ina viambato vya kuushikilia utando, na seramu inaweza kuuvuruga, ukashika hapa ukaachia pale, wewe kwenye kioo huoni kitu. Vitamini C nayo inaharibikiwa: asidi askobiki, ndiyo vitamini C yenyewe, hupenya vizuri pH (kipimo cha uchachu) ikiwa chini ya 3.5, na ukishaichanganya na losheni pH hiyo imekwenda.

Mpangilio wenyewe: nawa, seramu, krimu kama ngozi ni kavu, losheni ya jua, kisha vipodozi. Retinoli, ile ya jamii ya vitamini A, ni ya usiku.

Mnaniuliza msubiri dakika ngapi katikati. Huwa nasema tano, na nikiri kwamba tano hiyo ni ya mazoea yangu, haikutoka maabara. Ngozi ikiacha kunata, endelea. Losheni ikitoka nongo, mara nyingi seramu imezidi au umesugua mno. Punguza matone, paka polepole.

Kiasi ni mistari miwili ya losheni, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Hiyo ni kama gramu moja na kidogo. Chupa ya mililita 50 ikikufikisha miezi sita, hujapaka inavyotakiwa hata siku moja. Bei naijua, na wapo ninaowaambia vidole viwili huku nina shaka kama wataweza.

Halafu kuna hili la "sisi weusi tuna kinga yetu". Tunayo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 viliipa ngozi nyeusi ukinga wa takriban SPF 13, na nyeupe 3. Lakini SPF inapima kuungua, na mabaka si kuungua. Kwenye ngozi zetu hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huyachochea, na SPF haiupimi kabisa. Kwa mwenye mabaka nataka losheni yenye rangi, yenye oksidi za chuma, maana hizo ndizo huuzuia mwanga huo. Hapo ndipo ninapokwama, maana rangi nyingi zinazofika madukani hazikutengenezwa kwa nyuso zetu, na mtu akionekana kama amepakwa majivu ataiacha kesho yake. Mara nyingine namwandikia isiyo na rangi, nikijua ni pungufu, kwa sababu hiyo ataipaka kila siku.

Dada yule alikuwa anachanganya kuokoa muda. Yupo baba mmoja aliyekuwa anachanganya kuokoa losheni. Mwanawe ana ualbino, kopo la Kilisun, losheni ya jua ya watu wenye ualbino iliyoanzia KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, lilikuwa linakaribia kwisha, akaliongezea mafuta ya nazi ili lifike mwisho wa mwezi. Nilimwambia: mzee wangu, acha kuongeza. Mvalishe mikono mirefu na kofia pana, mzuie jua la mchana, na losheni iliyobaki mpake nzito, bila kitu kingine ndani, usoni, masikioni, shingoni na mikononi, pale nguo isipofika.